Ukoko wa Kuku

Nina ng'ombe mweusi, namlisha moto namkamua wali. Ni sufuria kubwa, na watoto wa mtaa wetu hawakuhitaji kufikiri, maana ilikaa mbele ya macho yao kila siku kwenye baraza la shule.

Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Kwenye ubao wa darasa la tatu zilibaki hesabu za kuzidisha ambazo hakuna aliyezimaliza. Madawati tuliyarundika ukutani tupate pa kuweka magunia ya mchele na maharage, na uwanjani tukachora miduara ya chokaa ili watu wasimame mbali mbali. Soko limefungwa, hoteli zimefungwa, magari hayaendi. Aliyezoea kula anachokipata leo hakuwa tena na leo.

Jikoni tulikuwa wanawake wanne na mpasua kuni. Mimi magoti yangu hayataki moto, nikapewa kigoda na kazi ya kuosha sufuria. Uongozi wa jiko nao nikatwishwa, kwa ajili ya mvi tu.

Tulikuwa na sharti moja: aliyejitolea hachukui chakula cha kupeleka nyumbani. Tuliliweka siku za mwanzo, watu waliponong'ona kwamba ndoo za wapishi ni kubwa kuliko mabakuli ya wenye njaa. Likafunga midomo.

Mpishi wa wali alikuwa jirani yangu, mke wa mhudumu wa hoteli. Nimeula wali wake kwenye shughuli nyingi, punje hii haiigusi ile. Lakini pale shuleni, siku nenda siku rudi, uliungua. Chini ya sufuria kulibaki ukoko mnene kama soli ya kiatu. Mpasua kuni akambandika jina la Mama Ukoko, mwenyewe akacheka, likamkaa. Tukimaliza kugawa, anaubandua kwa mwiko, anautia kwenye mfuko, anasema ni wa kuku wake. Mimi naachiwa sufuria. Nasugua kwa jivu na mchanga, barakoa imelowa jasho imenigandia puani, na nikifika nyumbani mkono hauna nguvu hata ya kuvua kilemba.

Mchele ulitoka kwa mwenye duka. Hakuwa mtu mbaya. Rafu zake mwenyewe zilikuwa zinabaki mbao tupu. Siku moja akachungulia ndani ya sufuria, akanivuta pembeni. Akasema wa mwisho kwenye mstari wameondoka na nusu bakuli wakati mchele wake umegeuka makaa. Hawezi kuendelea kulisha kuku wa mtu. Kesho akute mpishi mwingine, la sivyo na yeye tusimtafute tena. Akaniomba nimwambie mimi, nikiwa mtu mzima.

Nikakubali upesi. Mikono yangu ndiyo iliyokubali.

Jioni nikajikokota mpaka kwa Mama Ukoko. Mwenyewe alikuwa ameenda kuteka maji. Mama mkwe wake ndiye aliyeitikia hodi yangu. Nikakaa kizingitini, mbali kidogo, kama tulivyoagizwa. Banda la kuku lilikuwa hapo hapo uani, mlango wazi. Ndani mlikuwa na ndoo iliyopasuka na viatu vya mtoto. Hata unyoya sikuuona.

Sinia lilikuwa katikati ya mkeka. Watoto watatu walikuwa wameuloweka ukoko kwenye maji ya chumvi. Mweusi kabisa wameutenga pembeni, wa kahawia wanautafuna taratibu, kama watu walio kazini. Bibi yao, asiye na meno, alikuwa akikifyonza kipande chake. Akanikaribisha nile.

Watoto wale wananijua, salamu yangu kwao ni kitendawili. Nilikuwa nimechoka, nikatega kilichokuja: kila siku anaingia kwenye chakula, kila siku anatoka na njaa. Jibu langu lilikuwa mwiko. Wakubwa wawili wakatazama juu, wanafikiri. Mdogo hata kutafuna hakuacha.

"Mama," akasema.

Wenzake hawakumcheka.

Mama mwenyewe akaingia na ndoo kichwani. Akaliona sinia, akaliona banda, akaona ninapotazama. Akatua ndoo polepole, hakumwaga hata tone.

"Kuku tulishawala, Bibi," akasema. "Tusipoteze muda kuwatafuta."

Tukaenda kusimama uani. Akanieleza kwamba hoteli ilipofungwa mumewe alikwenda mji mwingine kutafuta vibarua, na barabara zikafungwa nyuma yake. Alipojiunga na jiko letu mume alikuwa bado anatuma chochote. Siku hizi hata simu hapigi. Kazi hana, na aibu anayo.

Nikamuuliza kwa nini asisimame kwenye mstari kama wengine.

"Nisimame vipi? Jana nimempakulia mtu, leo niwe nyuma yake na bakuli? Si watasema ndicho nilichofuata jikoni."

"Kwa hiyo unauunguza."

"Naacha makaa chini wakati tunagawa. Wali ni wa watu, siugusi. Ukoko hakuna anayeuonea wivu." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Umetumwa unifukuze, eh?"

Nikamwambia nimekuja kuwategea watoto kitendawili. Hakuniamini, lakini alinisindikiza mpaka njiani.

Kesho yake nilifika na mabakuli mawili ya mfuniko. Wali ulipoiva, kabla hajaitwa mtu wa kwanza kutoka kwenye mduara wake, nikaweka bakuli moja mezani, nikamwambia Mama Ukoko anipakulie. Mwenye duka, aliyekuja kumwona mpishi mpya, akanikumbusha sharti, kwa upole, kama unavyomkumbusha mzee miwani iliyo kichwani pake.

"Nalikumbuka, mwanangu. Lakini nimechoka na nina njaa. Kama kuna mwingine hapa jikoni mwenye njaa, asiniache peke yangu."

Maharage tu ndiyo yaliyokuwa yakisema. Kisha mpasua kuni akakohoa, akakumbuka siku hizi kikohozi kinavyokimbiza watu, akaomba radhi. Akaingiza mkono kwenye kiroba cha shoka lake, akatoa kopo la plastiki, limeoshwa, lina mfuniko. Sijui alikuwa akitembea nalo tangu lini. Mpika maharage akamtazama, akaenda kutafuta lake. Mchota maji akamfuata.

Mama Ukoko alikuwa ameinamia moto.

"Na wewe," nikamwambia, "usitucheleweshee watu."

"Sikuja na chombo, Bibi."

Nikasukuma bakuli la pili. Akalipokea bila kuniangalia, akalijaza, akalifunika. Halafu akachuchumaa, akavuta makaa yote kutoka chini ya sufuria, moja moja, mpaka likabaki jivu.

Mwenye duka aliyaona makaa. Alinitazama mimi, akatazama bakuli la mpishi, na habari ya mpishi mwingine hakuirudia tena. Akashika upawa akasaidia kugawa.

Wali ukafika mpaka mduara wa mwisho, kila bakuli limejaa, maana uliokuwa ukiungua ndio huo huo uliotulisha sisi. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mpenda utani. Akanusa, akauliza leo mpishi ni nani, mbona hamna moshi ndani. Mpasua kuni akamjibu ni yule yule, ila kuku wake wamehama. Mama Ukoko akacheka nyuma ya barakoa. Niliona kwa macho yake.

Mwenye duka akaaga, akasema kesho ataleta alicho nacho, si kingi.

Nikavuta sufuria kwenye kigoda changu. Nikamwaga maji, nikapitisha kiganja mara moja, ikatakata. Nikabaki nimekaa, mikono mapajani, sijui niipe kazi gani. Miguu ilikuwa inauma vile vile, na kesho mstari ungekuwepo.