Sahani ya Naftaly

Mimi Selpher sina subira na mwanamume anayeaga anaenda kutafuta kazi halafu asionekane tena. Naftaly, mume wa jirani yangu Waringa, aliondoka hapa mtaani Huruma mwaka wa themanini na moja, eti anaenda Thika. Miaka mitatu baadaye Waringa alikuwa bado anampakulia kila jioni, anaifunika sahani, anaiacha mezani. Asubuhi anakula yeye mwenyewe kile kiporo. Ilikuwa inaniuma.

Kila Jumamosi tulikuwa tunasoma Kiingereza kanisani kwa Mwalimu Munyoki. Wiki moja Waringa alikuwa amebahatika. Mama mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Kilimani alitaka yaya wa kuishi kwake, anayejua Kiingereza, na angemwona Jumatatu. Lakini kupata kazi hiyo ni kuacha chumba cha Huruma, na Naftaly hajui kwingine pa kumtafuta.

"Mama huyo akikuuliza mume wako yuko wapi, utasemaje?" Mwalimu akamuuliza.

"My husband has gone to Thika in 1981."

"Hapo ndipo tunapokosea wengi. Kwetu mtu husema 'amekuja jana' na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa. Ukitaja mwaka, jambo limeshapita, sema went."

Waringa akarudia has gone. Mara ya tatu darasa likaanza kucheka, na mimi uvumilivu ukanishinda.

"Dada, huyo mtu ametoroka. Sema went twende tukanywe chai."

Kicheko kikakatika. Waringa akatazama mikono yake. Munyoki akafuta ubao polepole, kisha akasema kwa upole, "Basi usitaje mwaka. Bila mwaka, has gone ni sawa kabisa. Maana yake ametoka, hajarudi."

Waringa akaitikia kwa kichwa. Nilimkasirikia mwalimu kwa kumdekeza.

Jumatatu jioni nilienda kwake. Kazi alikuwa ameipata, anahamia Kilimani Ijumaa.

"Alikuuliza habari za mume?"

"Aliuliza. Nilikuwa nimejiandaa kusema vile mwalimu alivyonipa. Lakini mwaka ukatoka wenyewe, Selpher. Nikasema he went in 1981. Nikasikia kifua kimekuwa chepesi, halafu nikataka kulia mbele ya yule mama."

Akapakua githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sahani mbili. Nikaanza kukunja uso, nikijua ya pili ni ya nani. Waringa akaisogeza mbele yangu.

"Kula, ingali moto."

Nilikula. Nilimhurumia, na nilijua nitamkosa sana. Mwishowe nikamuuliza, huyo bwana akija kubisha hapa, nimwambie nini.

Aliweka kijiko chini.

"Mpakulie," akasema. "Atakuwa na njaa. Lakini usimwambie nilikohamia."