Jina la Munira Mbele

Kwa miaka miwili Hamidu, mhandisi wa maji, alikuwa akiomba kuhamia Kanada, na kwa miaka miwili alikuwa akikosa. Kule waombaji hupangwa kwa alama: umri, elimu, Kiingereza, uzoefu wa kazi. Kila alipoongeza alama chache kwa kurudia mtihani wa Kiingereza, umri ulizila. Machi alipotimiza thelathini na tisa, hakutaka hata kupongezwa.

Jumamosi moja, nyumbani kwao Mpwapwa, mkewe Munira, mtaalamu wa maabara ya mifugo, alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Baba Rahma, usikasirike. Nimegeuza taarifa zetu. Mimi niwe mwombaji, wewe uwe mwenza."

"Yaani nipelekwe na mke?"

"Nina miaka ishirini na tisa. Na Kiingereza nilikupita, unajua mwenyewe. Tazama."

Hamidu akatazama. Alama thelathini na sita zaidi. Akatoka nje, akalizunguka banda la kuku mara mbili bila sababu, kisha akampigia kaka yake Hasani, aliyekuwa Kondoa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi, wamekuita?"

Akamweleza. Hasani akaangua kicheko. "Sasa wewe unataka kwenda, au unataka kutangulia?"

Hamidu akaaga, akakata simu. Alirudi ndani akasema, "Barua yako ya kazi imetaja cheo tu. Hiyo haitoshi. Jumatatu muombe mkuu wako aeleze na kazi unazofanya."

Mkuu aliiandika upya, akaorodhesha kila kipimo ambacho Munira hukifanya. Vyeti vikatumwa kutathminiwa. Hamidu ndiye aliyejaza fomu, akikagua kila tarehe mara tatu.

Mwaliko wa kuwasilisha maombi kamili ulifika Agosti, asubuhi, Munira akiwa kazini. Hamidu akapanda bodaboda mpaka maabara. Munira alitoka mlangoni na glavu mkononi, akamwona mumewe amesimama, akashtuka.

"Rahma ana nini?"

"Rahma mzima. Wamekuita."

Munira akaegemea ukuta, akafumba macho. "Wametuita," akamsahihisha taratibu.

Hamidu akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Bado kulikuwa na vipimo vya afya na karatasi nyingi za polisi, lakini siku hiyo hakuziwaza. Akamsubiri mkewe avue koti la kazi, wakaenda kunywa chai.