Picha Zilizofika Tupu

Seva ilijibu "imepokelewa", kisha ikaonyesha kisanduku cha kijivu kisicho na kitu ndani. Hiyo ilikuwa mara ya kumi na saba, na saa ya ukutani ilikwisha kupita nne na nusu.

Binti wa mpiga picha alikuwa kwenye studio ya baba yake tangu asubuhi, kompyuta ameiweka juu ya meza ambayo kwa miaka arobaini picha za pasipoti zilikatiwa juu yake. Maktaba kuu ilikuwa imefungua hifadhi ya picha za zamani mtandaoni, na mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita mchana siku hiyo. Picha za mzee zilikuwa elfu moja na mia tatu: maharusi, wahitimu, timu za mpira zilizokwisha kusahaulika. Kuzipakia mojamoja kungekuwa kuchota bahari kwa kijiko, ndiyo maana aliandika programu izipeleke zote. Nayo ilikuwa ikifikisha majina bila nyuso.

Kibaya zaidi, mzee hakuwa na kifua. Alikwisha kuutangazia mtaa mzima, kuanzia kinyozi hadi muuza magazeti, kwamba adhuhuri waingie mtandaoni wajione walivyokuwa vijana. Binti aliiona aibu ya baba yake ikija mbio, na aliyeiita ni yeye mwenyewe kwa programu yake.

Alibadilisha nywila, akapunguza ukubwa wa picha, akajaribu hata picha ya paka. Wapi! Baba alipovuta kiti, alimwomba kwa adabu asijisumbue. Ndivyo alivyomjibu kila mara tangu aanze kazi ya kuandika programu. Mzee hakununa. Aliuliza tu programu inafanya nini, hatua kwa hatua, na binti akamweleza ili yaishe: inafungua faili, inaisoma yote ili ipime ukubwa, kisha inaikabidhi kwa seva.

"Ikishaisoma mpaka mwisho," mzee aliuliza, "nani anairudisha mwanzo?"

"Kurudisha nini, baba?"

"Mama, filamu ikifika mwisho unairudisha kwanza, ndipo ufanye jambo jingine. Huyo wako amesimama mwishoni. Atakabidhi nini?"

Binti aliisoma tena programu yake. Kweli, zamu ya kutuma ilipofika, programu haikuwa na kitu mbele yake. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaongeza mstari mmoja wa kuirudisha mwanzo. Kisanduku cha kijivu kikajaa bibi harusi aliyefumba jicho moja, kisha akafuata golikipa, kisha mapacha.

Saa sita kasoro dakika kumi, ya mwisho iliingia. Kinyozi aligonga dirisha, simu mkononi, akijivunia nywele alizokuwa nazo zamani.

Mzee hakuwa na haja na picha. "Nionyeshe ulipoandika," alisema.

Alivaa miwani, akaukagua mstari ule polepole, kama alivyozoea kukagua picha kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Binti hakuwahi kumwonyesha kazi yake. Alisimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe.

"Mstari huu unachapishika?"

"Unachapishika, baba. Wa nini?"

Mzee alikwisha kupanda kiti, akipima kwa kiganja nafasi iliyobaki ukutani kati ya maharusi wawili.

"Utoe kwa herufi kubwa," alisema. "Usomeke kutoka barabarani."