Jina la Mbuyi

Saa tisa kasorobo alasiri, Dorcelle Kabanga alikuwa akikaza nyuzi za gitaa la marehemu baba yake kwenye bustani ya jumba moja la mtaa wa kitajiri wa Golf, alikoalikwa kuimba kwenye sherehe. Pacha wake, Mbuyi, alikuwa kwenye chumba cha upasuaji tangu saa tano. Lori alilokuwa akiendesha kutoka mgodi wa Kinsevere lilipinduka juzi, na mama yao, Mama Mado, alikwisha kuamua kosa ni la nani.

Kosa lilikuwa la wimbo. Dorcelle hana kampuni wala meneja; hujirekodi chumbani kwake mtaa wa Ruashi, godoro likiegemezwa mlangoni kuzuia kelele za majirani. Alilelewa na kwaya ya Wakasai, baba akamrithisha upigaji wa gitaa kwa vidole viwili, na Désiré, mpiga besi wake, mtu asiyependa kitu kilichonyooka, akamfundisha jazi. Yote hayo akayatia chungu kimoja. Mwaka jana akauchukua wimbo wa mapacha ambao mama yake aliwaimbia tangu kuzaliwa, akaupunguza mwendo, akaupanga kwa mapigo matano. Ukapendwa, ukaruka simu hadi simu mpaka kwao Kasai. Ila majina mawili, Mbuyi la pacha wa kwanza na Kabanga la wa pili, hayakuenea kwenye mapigo matano, naye akaimba la kwake tu, Kabanga.

Kwao pacha hatajwi peke yake, mwenzake asije akapatwa na baya. Ukimsalimu Kabanga, msalimu na Mbuyi. Ukimnunulia mmoja nguo, na wa pili mnunulie. Dorcelle aliyajua hayo kabla hajajua kusoma, lakini alijiambia jazi ni jazi.

Jana hospitalini mama alimsemesha mara moja tu, bila kumtazama.

“Miye nilizala babili. Mu mwimbo yako, ulizala mumoya.” Alizaa wawili, wimbo ukambakishia mmoja.

Mbuyi hakumlaumu. Alimwambia aende akaimbe, basi, kisha akageukia ukutani. Kuhusu wimbo hakuwahi kusema neno tangu ulipotoka, na kimya hicho kilimuuma Dorcelle kuliko maneno ya mama.

Sasa Dorcelle alikuwa amemaliza nyimbo mbili alipomwona Mama Mado akiingia getini, kitenge kimefungwa harakaharaka, simu mkononi. Mbona ameacha hospitali? Mtu haachi mwanawe mezani kwa daktari ila kwa habari mbaya. Mama akakaa kiti cha nyuma kabisa, asimpungie hata mkono. Na mwenye nyumba, masikini, hajui hili wala lile, akasimama kuomba wimbo wa mapacha.

Dorcelle alitaka kukataa. Akaanza.

Alipofika penye jina, akatia yote mawili: Mbuyi, Kabanga. Mapigo yakafurika yakawa saba. Désiré akapotea njia, besi ikanyamaza, watu wakatazamana. Dorcelle akarudia, Mbuyi, Kabanga, peke yake, na aliogopa kweli. Ndipo kutoka kiti cha nyuma likaja itikio ambalo mama wa mapacha huimba, lile ambalo halimo kwenye rekodi, la sauti kavu iliyochoka. Désiré akalisikia, akahesabu saba, akarudi.

Katikati ya ubeti simu ya mama ikaita. Alikuwa amemwacha Yannick, binamu yao, hospitalini apige simu kukiwa na habari yoyote, ili yeye aje kusikia kama Mbuyi atatajwa. Mama akaitazama, asiipokee. Wimbo wa mapacha haukatwi njiani. Ikaita mpaka ikakoma, naye akiimba, machozi yakimtiririka, na Dorcelle akiimba macho yakiwa kwenye ile simu.

Wimbo ulipoisha, watu walipiga makofi. Simu ikaita tena. Mama Mado akaipokea, akasikiliza, kisha akapita katikati ya viti mpaka mbele, akamnyooshea binti yake simu.

“Amelamuka,” akasema. “Anauliza kama leo ulimutaja.”