Njia ya Kuikwepa Chicago

Mwenda pole hajikwai, wala hafiki. Ardis Halvorsen aliijua sehemu ya pili ya methali hiyo kuliko mtu yeyote mjini Saint Paul, kwa kuwa ndiye aliyeolewa na mwenda pole mwenyewe. Jumapili ile, baada ya ibada, alisimama jikoni kwake na birika la kahawa mkononi, akimtazama mumewe akipanga safari ya siku moja kwa wiki ya tatu.

Lyle alikuwa ametandaza ramani mezani, vikombe vimeikandamiza pembeni isijikunje. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la mikate, na barabara za majimbo matano alizijua kama mtu anavyoijua njia ya chooni gizani. Mbele yake aliketi mdogo wake, Merle, aliyekuja kula keki na kubishana.

"Ukipita Chicago umekwisha kwa foleni, kaka," Merle alisema, mdomo umejaa.

"Nani kakwambia napita Chicago? Nimerukwa na akili? Nashuka Madison, nikifika Rockford naiacha barabara kubwa, nateremka zangu mpaka Bloomington, halafu nakata mashariki. Chicago nitaisikia redioni tu."

"Na wale wanaochimbachimba pale Rockford?"

"Wameanza?"

"Wewe nawe! Huku kwetu kuna misimu miwili, baridi na matengenezo ya barabara. Baridi ndiyo hiyo inaaga. Unadhani nani anabisha hodi?"

Wakacheka wote wawili.

"Mimi ningepita Iowa," Merle akaendelea. "Dubuque, Davenport, unaingia Illinois kwa nyuma."

"Iowa! Siku nzima nivute harufu ya nguruwe?"

"Nguruwe hawasababishi foleni."

Ardis hakucheka. Mwisho wa njia ile waliyokuwa wakiichorachora, huko Indianapolis, katika nyumba ya kulelea wagonjwa ambao madaktari wameshainua mikono, alilala Marit, mtoto wao wa pekee. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Mwanzoni madaktari walizungumzia miezi, kisha wiki, na sasa walikuwa wakisema tu, "Tumwone kesho ataamkaje."

Lyle hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa bintiye tangu alipoolewa na Terrence, mpiga saksafoni. Hakuwahi pia kusema kwamba amekasirika. Katika ukoo wa Halvorsen hasira haisemwi. Inavalishwa koti na kupelekwa nje. Siku ya harusi, barabara ilikuwa na barafu. Marit aliponunua nyumba na kuwaalika, mto Mississippi ulikuwa umefurika. Krismasi moja daraja, nyingine upepo. Kila mara barabara ndiyo iliyokosea.

Ardis angekwenda mwenyewe, lakini mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na gari hakuliendesha tena zaidi ya hapo kanisani. Basi nalo alilifikiria. Ila Marit alikuwa amemwambia kwenye simu, "Njooni wawili, mama. Ukija peke yako, nitajua baba hataki kuja." Kwa hiyo Ardis akangoja, akimsukuma mzee kila siku kama gari lililozama kwenye theluji.

"Shemeji, amua wewe," Merle alimgeukia. "Rockford au Iowa?"

"Leo," Ardis akasema.

"Sijauliza lini, nimeuliza wapi."

"Na mimi nimekujibu lini."

Lyle hakuinua macho kwenye ramani. "Leo haiwezekani. Wametabiri theluji Wisconsin."

"Hata Jumapili iliyopita waliitabiri. Ilianguka?"

"Ilipita kaskazini."

"Basi si ilipita?"

"Alhamisi," Lyle akasema, akiufuatisha mstari wa barabara kwa kidole kinene. "Alhamisi hali ya hewa itakuwa imetulia. Tukitoka na mapambazuko, jioni tuko kwake."

Hata wiki iliyotangulia alisema Alhamisi.

Jumanne simu ikalia. Lyle alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kukagua oili, akasimama kwenye sinki kunawa. Ardis akapokea.

"Mama, mmeshatoka?" Sauti ya Marit ilikuwa nyepesi, kama kitu kilichoachwa juani mno.

Kila siku Ardis alikuwa na jibu. Baba yako anajaza upepo matairi. Baba yako amekwenda kununua barafu ya kutia kwenye sanduku la chakula. Baba yako anabadilisha vifuta kioo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo.

Akamnyooshea mumewe simu. "Ongea naye."

Lyle akatikisa kichwa, akionyesha mikono yake. "Michafu," akanong'ona. "Mwambie Alhamisi."

Ardis akaisogelea mikono ile mpaka macho yake mabovu yakaiona. Ilikuwa safi. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya mikono safi, naye aliendelea kuisugua. Akajua wakati ule kwamba mtu huyu haogopi theluji wala Rockford, anaogopa mlango wa chumba kimoja tu, na hakuna barabara iliyojengwa ya kumvusha hapo.

Akairudisha simu sikioni.

"Marit, mwanangu. Baba yako haji."

Lyle akageuka.

"Alhamisi?" Marit akauliza.

"Wala Alhamisi. Haji, mwanangu. Usimngoje."

Ardis alisikia mashine fulani ikihema kando ya binti yake. Kisha Marit akasema, "Asante, mama. Nimechoka kuusikiliza mlango."

"Mimi nakuja. Kesho, kwa basi."

"Njoo. Lakini usikimbie."

Lyle alifunga bomba. Hakupaza sauti, hakuwahi kupaza. "Kwa nini umemwambia vile?"

"Nimesema uongo?"

Lyle akatoka, akaketi ndani ya gari lake lenye matairi mapya, injini imezimwa, mpaka pumzi zake zikaweka ukungu kwenye vioo na Ardis hakumwona tena.

Asubuhi Ardis alikuwa ameshavaa koti, begi limekaa mlangoni, simu ilipolia. Alikuwa Terrence. Marit alikuwa ameaga dunia alfajiri, usingizini.

"Jana jioni aliniambia nikitoe kile kiti alichomwekea baba," mkwe wake alisema, akijikaza. "Akataka kitanda nikigeuze, kitazame dirishani. Halafu akalala, mama. Hakuwa amelala hivyo kwa siku nyingi."

Ardis hakuvua koti. Aliketi nalo pale pale jikoni, hakulia, hakujua afanye nini na mikono yake. Merle alipokuja mchana na sinia la tambi na nyama ya kusaga kutoka kwa mkewe, alimkuta hivyo, na mbele yake Lyle, na ramani katikati yao.

"Mazishi ni Jumamosi," Lyle alimwambia mdogo wake. "Tukipita Rockford..." Akakiondoa kidole kwenye ramani. "Mimi nilikuwa nakwenda Alhamisi, Merle. Kila kitu kilikuwa tayari. Huyu akamwambia mwanangu siji. Amekufa anajua siji."

Merle aliweka sinia mezani, akakosa pa kutazama. "Shemeji," akasema taratibu, "watu mko msibani. Mtu anasema jambo akiwa na uchungu, tunaelewa. Neno moja tu. Mwombe radhi, mwende mkamzike mkiwa kitu kimoja."

"Angeningoja," Lyle akasema. "Mpaka kesho tu. Angeningoja."

"Najua," Ardis akajibu. "Kwa maumivu yale, angekungoja. Na kesho ungesema Jumapili, na angekungoja mpaka Jumapili. Ndiyo maana nilimwambia."

"Shemeji, tafadhali. Hata kwa ajili ya Marit."

Ndani ya Ardis palikuwa patupu kama mashamba baada ya mavuno, hakuna kilichosimama mpaka upeo wa macho. Aliitafuta huruma humo, hakuipata. Akaitafuta hata hasira, nayo haikuwapo. Alimtazama mumewe, akaona kivuli tu chenye mabega.

"Siombi radhi," akasema.