Rundo Lililohamishwa Siku Moja Kabla

Rundo nililihamisha Jumatatu. Moto ulikuwa Jumanne. Kosa lote liko hapo, na ni langu.

Kwetu Denmark, mkesha wa Mtakatifu Yohana, kila chama cha bustani, watu wenye vibanda na vishamba vyao mahali pamoja, huwasha moto wake. Matawi yaliyokatwa tangu Aprili hurundikwa uwanjani, na kwa kuwa wanyama huingia humo kulala, kuna sharti moja ambalo hata mtoto analijua: siku yenyewe ya moto, rundo lote lihamishwe tawi kwa tawi, likajengwe upya pembeni. Siku yenyewe. Mwaka ule kazi ilikuwa yangu, maana mimi ndiye nisiye na mke wala ajira. Lakini nilikuwa na tiketi ya feri ya kwenda Norwei, Jumatano asubuhi. Miezi minne mahali pamoja hunitosha. Nikasema nimalize mapema, Jumanne niupumzishe mgongo.

Jumanne alfajiri, saa kumi, nilikuwa kwenye kiti changu nyuma ya kibanda changu, namba thelathini na moja. Mwanga wa Juni ulikuwa umeshachungulia. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa kila siku kumwangalia kalunguyeye, kale kanyama kenye miiba mgongoni ambako kanaenea kwenye kofia. Nilimwita Mpangaji, kwa sababu aliishi chini ya banda la jirani yangu Kaj bila kuomba ruhusa ya mtu.

Macho yake hayafai kitu. Mara tatu alifika hadi kwenye buti langu akalinusa, akaenda zake. Nilikuwa nikijiuliza ananionaje. Nadhani kwake mimi si mtu. Ni mabuti mawili yanayonuka tumbaku, na juu ya mabuti hakuna kitu. Kaj kwake ni kishindo. Mwenyekiti wetu, Birthe, ni mvua inayonyesha kwenye nyanya kila jioni.

Alfajiri ile alitokea amebeba kitu mdomoni. Nilidhani ni jani. Alipokaribia nikaona lile jani lina miguu.

Kaj alikuwa amelibomoa banda lake Jumapili ili ajenge jipya. Mpangaji alikuwa anahamisha watoto. Alikivuka kijia, akakata uwanja, akaingia kwenye rundo langu jipya. Akatoka mdomo mtupu. Akarudi tena na wa pili. Akarudi na wa tatu, na wa nne. Kisha hakutoka.

Nilipaswa kwenda kugonga mlango wa Birthe saa ile ile. Sikwenda. Nilijiambia ni mapema mno, watu wamelala. Saa mbili asubuhi akaja mwenyewe na baiskeli yake, kapu limejaa karatasi za nyimbo.

"Eskild, rundo vipi?"

"Limehamishwa," nikasema.

"Mtu wa maana wewe," akasema, akaondoka.

Limehamishwa. Halikuwa neno la uongo. Halikusema lini, halikusema na nani, na mimi nikaliacha lisimame hivyo. Nilijiona mjanja kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Baada ya hapo niliamua kumtoa mwenyewe, kimya kimya, mtu asijue. Niliweka chakula cha paka ukingoni mwa rundo nikakaa mbali. Saa tano hakutoka. Saa nane hakutoka. Najua hatembei mchana, nilijua hata wakati ninafungua kopo. Nilianza kuyavuta matawi ya pembeni, nikavuta kama saa moja, mgongo ukakataa kabisa. Lile rundo lilikuwa refu kunishinda, lilinichukua Jumatatu nzima kulijenga, na nililijenga vizuri, Mungu anisamehe, matawi yameshikana kama vidole.

Saa mbili usiku jua lilikuwa bado juu ya paa, na wanachama wakaanza kumiminika na viti vyao na bia na unga wa kuokea mkate kwenye vijiti. Mchawi wa matambara, sanamu tunayoichoma kila mwaka, alikuwa ameshasimikwa kileleni mwa rundo, na ufagio wake. Kaj alikuja na galoni la mafuta ya taa. Yeye alikuwa fundi matofali miaka arobaini, hajui kufanya kitu polepole. Kabla sijafika alikuwa ameshamwaga upande wote wa magharibi.

Harufu ile ilinipiga puani nikiwa hatua ishirini. Nikawaza yule aliyeko ndani, ambaye kwake dunia nzima ni pua.

Nikaenda kwa Birthe. Alikuwa anagawa karatasi za nyimbo.

"Kuna kalunguyeye mle ndani. Na watoto wanne."

"Lakini si umelihamisha."

"Nililihamisha jana."

Aliacha kugawa. "Asubuhi ulinijibu nini?"

"Nilikujibu vibaya."

Aligeuka akawatazama watu, kama themanini hivi, kisha akaangalia saa. Kwetu moto huwashwa ubeti wa kwanza unapoanza, saa tatu kamili, na upepo ulikuwa unaanza kuamka kutoka baharini.

"Kaj," akasema, "subiri kwanza."

Kaj alikuwa na mwenge mkononi, haujawashwa bado. Alipoelezwa akacheka. "Hilo tu? Tupige kelele. Jamani, pigeni sufuria hizo, atatoka mbio."

"Hatoki," nikasema.

"Umeongea naye?"

"Kelele kwake ni radi. Wewe ukisikia radi unakimbilia nje?"

"Mimi nakimbilia nje. Nina nguo kwenye kamba."

Watu wakacheka, na mimi nikaona ninawapoteza. Nyuma walishaanza kupiga sufuria. Nilijua kinachotokea mle ndani kama vile nimo. Kila kishindo kinamfanya ajikunje zaidi. Kwa mbweha kujikunja kunafaa, na kwa mbwa kunafaa. Kwa moto angejikunja vile vile, juu ya watoto wake, akingoja upite.

"Kajikunja," nikasema. "Na atabaki hivyo hivyo mpaka awe mkaa."

"Una hakika yumo?" Kaj akauliza. "Umri wako huo na alfajiri hiyo, Eskild. Labda uliona panya."

Nililala kifudifudi kwenye nyasi, nikaingiza mkono kwenye rundo hadi begani, kisha na kichwa. Mafuta yakanilowanisha shingo.

"Toka humo," Kaj akasema.

"Nikiwa humu huwashi."

"Usinijaribu, mzee."

"Nakujaribu."

Sufuria ziliacha kulia moja moja. Nilimsikia mtu akiuliza kama nimelewa, na mwingine akijibu kwamba nikilewa huwa mpole zaidi. Mkono wangu haukugusa kitu ila matawi. Nikaanza kujiuliza mwenyewe kama nilimwona kweli.

Kisha kikashuka kitu kando yangu, pu. Alikuwa yule mchawi. Birthe alikuwa amepanda ngazi akamng'oa, akamtupa chini, na sasa alikuwa anavuta tawi la juu.

"Mwenye glavu asogee," akasema. "Asiye na glavu ashike mchawi."

Walikuja. Walinung'unika, lakini walikuja, wakapanga mstari, matawi yakapita mkono kwa mkono hadi upande wa pili wa uwanja. Kaj alisimama na mwenge wake kama dakika tano, halafu akauchomeka ardhini akaja kuvuta magogo mazito ambayo sisi wengine tusingeyaweza. Aliyavuta kwa hasira. Nikamwomba apunguze. Akaniangalia, akapunguza.

Saa nne ikapita, jua likazama, mwanga ukabaki ule wa kijivu usioisha wakati wa Juni. Rundo lilikuwa limefika magotini na hakuna kilichoonekana. Watu walianza kunitazama kwa namna fulani. Yalibaki matawi ishirini. Yakabaki kumi.

"Eskild," Kaj akasema kwa sauti ndogo. Sijapata kumsikia na sauti hiyo. "Njoo uone."

Chini ya tawi la mwisho kabisa kulikuwa na tuta la majani makavu, na katikati yake mgongo wa miiba uliokuwa ukipanda na kushuka haraka haraka. Chini yake kitu cha rangi ya waridi kilisogea. Mafuta yalikuwa yameshuka hadi kiganja kimoja kutoka pale.

Hakuna aliyegusa. Walijua kwamba harufu ya mkono wa mtu inaweza kumfanya mama awaache. Kaj aliyaondoa majani yaliyolowana kwa kijiti cha kuokea mkate, moja moja, jasho likimdondoka, kisha akajenga kichuguu kidogo cha matawi makavu juu ya tuta.

Moto tuliuwasha karibu saa tano, mbali. Birthe aliinua kidole mdomoni, na watu themanini wakaimba nyimbo zote kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Hawakuwa wamewahi kuimba vibaya hivyo.

Mimi niliondoka na kiti changu nikaenda kukaa hatua kumi kutoka kwenye kile kichuguu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki: atakaa nao, au atawaacha. Saa tisa na nusu kukaanza kupambazuka. Saa kumi alitoka. Mdomo ulikuwa mtupu. Alikata uwanja bila kugeuka, akapotea kwenye ua wa miti.

Nilingoja. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja. Feri ilikuwa inaondoka saa moja na begi langu lilikuwa mlangoni, nami sikuinuka. Ndani ya kichuguu kulikuwa na sauti nyembamba kama ya ndege, ikawa inafifia.

Alirudi na kitu mdomoni, kwa njia iliyopita kwenye kiti changu. Alifika kwenye buti langu akasimama. Safari hii buti halikunuka tumbaku. Lilinuka mafuta ya taa. Alikiangusha alichobeba akajikunja pale pale, mpira wa miiba kwenye kidole changu cha mguu, na mimi nikazuia pumzi kwa sababu sasa nilijua mimi ni nani kwake: yule aliyenuka kama moto.

Ilichukua muda mrefu. Kwanza pua, halafu miguu. Akakiokota, akanizunguka kwa mbali, akaingia kwa watoto wake. Nilikiangalia vizuri kile alichobeba. Lilikuwa jani, la kutandikia.