Zamu ya Pembeni

Saa saba mchana pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, dagaa wakishageuzwa juu ya vichanja, kina mama hujilaza mchangani kwa mstari, khanga usoni. Anayelala mwisho wa mstari ndiye asiyelala. Kunguru, mbuzi na vibaka wote huingilia upande huo, na kikipotea kitu hulaumiwa yeye. Veneranda alipewa pembeni juma lile lile alilofiwa na mume kwa kuwa, walisema, mjane hana usingizi.

Basi jicho lake la kushoto, lililoelekea nje, likaacha kufumba. La kulia lililala, la kushoto likaangalia kunguru. Zahanati walimpa dawa ya matone. Kanisani padri alimwomba akae viti vya nyuma, maana kila wakisali anaonekana anachungulia. Veneranda alikuwa amechoka, amechoka hasa. Alichotaka duniani ni kulala na macho yote mawili, hata nusu saa.

Kiangazi hicho mabata bukini wa mwitu wakatua kati ya vichanja. Nao walilala kwa mstari, wa pembeni kafumba jicho moja. Lakini huyo wa pembeni akichoka alikung'uta mbawa, na mwenzake alitoka katikati kuja kumpokea, bila maneno.

Kesho yake bata jike mmoja mnene akamwendea Veneranda. Alikuwa ametokea huko juu ya Kagunga, mpakani na Burundi, Kiswahili chake kimejaa Kirundi. Akamsalimu amahoro, kisha akamuuliza zamu yake inakwisha lini.

"Haiishi," Veneranda akajibu.

Bata akaguna. Akamwambia akalale katikati, yeye atamshikia zamu. Veneranda akajibanza kati ya Saumu, kiongozi wa kina mama, na shoga yake Frida. Jicho la kushoto likafumba lenyewe. Alilala fofofo, akakoroma, machozi ya raha yakimtoka.

Saumu hakuwa na neno. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema. Dagaa hawakupungua, na kibaka mmoja aling'atwa paja mpaka akaacha hata ndoo yake mwenyewe. Bata akatengewa kafungu kake.

Ikafika siku bata akachoka. Akakung'uta mbawa. Hakuinuka mtu. Akakung'uta tena. Saumu akaivuta khanga vizuri. Frida, aliyekuwa macho kabisa, akaanza kukoroma, na mstari mzima ukaupokea mkoromo, hata wale ambao maisha yao yote hawajapata kukoroma.

Bata akaendelea kusimama akingoja, mbawa wazi, maana kwao haijapata kutokea mtu asije.

Veneranda akainuka. Akajipangusa mchanga, akaenda pembeni, akajilaza. Jicho la kushoto likafumbuka.

"Sogea mbele kidogo, Vene," akasema Saumu chini ya khanga. "Mbuzi wanapitia hapo."